Mzunguko Mmoja Zaidi

Aprili 29, 2012, katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, Lopez Lomong alichomoka kutoka kundini, akawaacha wenzake nyuma, akavuka mstari na kulegeza mwendo kama mtu aliyemaliza kazi. Hakuwa amemaliza. Mbio za mita 5,000 ni mizunguko kumi na miwili na nusu, naye alikuwa amehesabu pungufu: ulibaki mzunguko mzima. Wenzake waliokuwa wameshakata tamaa wakamwona ametulia, wakamjia. Lomong akashtuka, akarudi mbioni kwa miguu iliyokwisha kuambiwa ipumzike, akakimbia tena mita 400 na bado akashinda. Saa ilisoma dakika 13:11.63.

Watu wengi huitazama video ile kwa kucheka. Mimi huitazama kila msimu mpya unapokaribia, na kinachonivuta si lile kosa, ni sekunde chache zilizofuata. Mwili ukishajitangazia kuwa mbio zimekwisha huwa mgumu sana kuurudisha kazini. Mapigo ya moyo yako juu kabisa, mapaja yamejaa, pumzi inadai deni lake. Lomong hakupapatika wala hakufyatuka kwa hasira. Alitafuta upya mwendo wake uleule, hatua za urefu uleule, mabega yakiwa chini, na kwa muda mfupi akawa tena mkimbiaji wa masafa. Ufundi ule ulijengwa siku nyingi kabla ya Stanford, na sehemu ya kwanza ya msingi wake iliwekwa huku kwetu Turkana.

Lomong alifika kambi ya wakimbizi ya Kakuma akiwa mtoto wa miaka sita hivi, baada ya kutekwa kanisani kijijini kwao Kimotong, kusini mwa Sudan ya wakati huo, na kutoroka na wavulana watatu waliomzidi umri. Alikaa kambini miaka kumi, hadi 2001 alipopelekwa Marekani. Katika kitabu chake cha 2012, Running for My Life, anaeleza jinsi wavulana walivyokuwa wengi na mpira mmoja. Wakubwa wakatunga sheria: anayetaka kucheza aizunguke kambi kwanza, mzunguko mmoja, kilomita zipatazo 30. Walikimbia bila viatu.

Sheria hiyo ni katili, na sitaki kuipamba. Mtoto anayekula mlo mmoja kwa siku hapaswi kukimbia kilomita 30 ili aguse mpira. Lakini itazame kama kocha. Hakuna aliyempa Lomong saa wala kumwambia kasi. Alikuwa na sharti moja tu: amalize, na akimaliza abakiwe na nguvu za kucheza. Ukikimbia kilomita ya kwanza kwa pupa, ya ishirini itakukuta umeketi chini ya mti. Ukijivuta mno, utafika mechi imekwisha. Mtoto mwenye tatizo hilo, akilirudia siku baada ya siku, hujifunza kugawa nguvu kabla hajasikia kwamba kuna watu wanaolipwa kuifundisha kazi hiyo.

Na kugawa nguvu ndiyo kazi yenyewe. Huku kwetu mchungaji anayepeleka mbuzi malisho ya mbali na kidumu kimoja cha maji hanywi kwa kiu ya saa nne asubuhi. Anapiga hesabu ya kiu ya alasiri. Mkimbiaji wa masafa marefu hufanya hesabu hiyohiyo ndani ya damu yake, tena kwa kasi ambayo wengi wetu hatuwezi kuishika kwa mita mia moja.

Sasa, kwa nini niseme haya mwanzo wa msimu? Kwa sababu huo ndio wakati ufundi unaonekana wazi. Ifikapo Agosti, wakimbiaji wakubwa wamenolewa hadi kiwembe, na ukali huo hufunika makosa: aliyejiweka vibaya kwenye kona hujikomboa kwa mchomoko, aliyeanza kwa pupa huokolewa na mapafu. Mwezi Novemba, mbio za nyika zinapoanza kote nchini, au Aprili watu wanaporudi uwanjani, hakuna aliye mkali. Wote wana kilomita nyingi miguuni na kasi kidogo, kwa hiyo anayejua kukimbia humshinda aliye fiti kuliko yeye. Muda ulioandikwa kwenye matokeo ya mwanzo wa msimu hauna maana kubwa, na nawashangaa wanaoubishania. Tazama jinsi ulivyopatikana.

Mturkana aliyetufundisha kutazama hivyo ni Paul Ereng. Alizaliwa upande wa Kitale mwaka 1967, akasoma Starehe, Nairobi, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Virginia akiwa mkimbiaji wa mita 400. Mita 800 alizishika kwa dhati mwaka 1988 tu, na Septemba ya mwaka huohuo alikuwa kwenye fainali ya Olimpiki huko Seoul, ana miaka 21, pamoja na Joaquim Cruz wa Brazil, bingwa wa 1984, na Said Aouita wa Morocco, ambaye jina lake peke yake lilitosha kumtia mtu baridi. Nyumbani, katika mashindano ya mchujo, Ereng alikuwa amepata nafasi ya tatu.

Nixon Kiprotich, Mkenya mwenzake, na José Luiz Barbosa wa Brazil waliitia mbio moto tangu mwanzo, na kengele ikagongwa kabla ya sekunde 50 kutimia. Ereng hakulipokea shindano hilo. Alibaki nyuma ya viongozi, upande wa ndani, mahali ambapo makocha wengi huwakataza vijana kukaa kwa sababu ni rahisi kuzibwa. Cruz akachukua uongozi, na kwenye mnyoosho wa mwisho ukamwona Ereng akipenya, akitafuta upenyo, akijinyoosha, na kumpita Cruz kabla ya mstari. Dakika 1:43.45. Cruz 1:43.90, Aouita 1:44.06. Kiprotich, mmoja wa waliotangulia mwanzoni, alimaliza wa nane.

Ukiitazama kwenye runinga utaapa kwamba Ereng aliongeza kasi mwishoni. Hebu piga hesabu. Ikiwa viongozi walikata mzunguko wa kwanza karibu na sekunde 49 na nusu, naye akiwa nyuma yao kidogo, basi mzunguko wake wa pili ulimchukua kama sekunde 53. Alipunguza mwendo! Wote walipunguza. Hata David Rudisha, alipoweka rekodi ya dunia ya 1:40.91 London mwaka 2012, alikimbia mzunguko wa kwanza kwa sekunde 49.28 na wa pili kwa 51.63. Katika mita 800 za kiwango cha juu, ule mchomoko tunaoushangilia mara nyingi ni macho yetu yanatudanganya: anayeonekana kupaa ndiye anayezama polepole kuliko wengine. Ereng alishinda Seoul katika mita 200 za kwanza, pale alipokataa kutumia kitu ambacho angekihitaji baadaye.

Kuhusu ule upande wa ndani, alikuwa na sababu. Anayekimbia mzunguko mzima kwenye njia ya pili huongeza karibu mita saba. Mkimbiaji mwenye mawazo hujiuliza kila kona: nilipe mita hizo ili niwe huru, au nizihifadhi na kuhatarisha kuzibwa? Ereng aliamua kuhatarisha, akiamini kwamba waliotangulia wangechoka na kutawanyika, na upenyo ungepatikana. Walichoka, wakatawanyika. Mwaka uliofuata huko Budapest, katika mashindano ya dunia ya uwanja wa ndani, alikimbia 1:44.84, rekodi ya dunia ya ndani iliyodumu hadi 1997.

Baadaye Ereng akawa kocha katika Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso. Mmoja wa vijana waliopita mikononi mwake ni Emmanuel Korir, naye mkimbiaji wa mita 400 aliyegeuzwa. Januari 2017, msimu ukiwa haujafungua macho vizuri, Korir alikimbia mita 600 uwanja wa ndani huko Albuquerque kwa dakika 1:14.97, muda ambao hakuna aliyekuwa ameufikia duniani. Miaka minne baadaye, Tokyo, akawa bingwa wa Olimpiki wa mita 800 kwa 1:45.06, katika fainali ya pole iliyojaa hesabu na kusukumana. Itazame fainali ile halafu ile ya Seoul. Kasi hazifanani hata kidogo, bali ule utulivu wa katikati ya mbio, wa mtu asiyekubali kuvutwa na presha ya wengine, unajulikana umetoka shule gani.

Kwenye nyika mambo ni mengine, na Mturkana mwingine, Joseph Ebuya, alionyesha namna yake. Machi 2010 huko Bydgoszcz, Poland, alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za nyika kwa dakika 33:00, akiwaacha nyuma Teklemariam Medhin wa Eritrea na Moses Kipsiro wa Uganda. Kenya ilikuwa haijaupata ubingwa huo wa wanaume tangu Paul Tergat mwaka 1999. Nyikani hakuna njia iliyochorwa wala mzunguko unaofanana na mwingine. Kuna kona, mteremko, tope. Anayeteremka vizuri hupata bure kile anayepanda kwa nguvu alichokilipia, na kwa maoni yangu kuteremka ndiyo stadi inayosifiwa kidogo kuliko zote katika riadha.

Hapo utaniuliza: na hapa Lodwar je? Wote niliowataja walinolewa mahali pa juu au ng'ambo. Ni kweli. Lodwar iko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Iten iko 2,400. Hewa nyembamba ya Iten hulazimisha mwili kutengeneza chembe nyekundu zaidi za damu, na hakuna ujanja wa kuipata hewa hiyo kando ya mto Turkwel. Kijana wa huku akianza kuonekana, kocha wake humwambia apande basi la Kitale, kilomita karibu 300, na mara nyingi harudi ila Krismasi.

Lakini joto nalo ni mwalimu, na somo lake ni lilelile la kugawa. Ukikimbia kwenye nyuzi 35, damu inadaiwa mara mbili: misuli inaitaka kwa ajili ya oksijeni, ngozi inaitaka ili iupoze mwili. Moyo hupiga haraka zaidi kwa kasi ileile. Anayeng'ang'ania kasi ya nyumbani kwa watu wa baridi huvunjika. Mwili ukizoezwa kwa majuma mawili hivi hubadilika: maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema na kupoteza chumvi kidogo. Ndiyo maana siku hizi timu za nchi za baridi hulipia vyumba vya joto kabla ya mashindano ya kiangazi. Sisi tumepewa chumba hicho bila paa.

Ukitaka kuwaona vijana wa Lodwar wakianza msimu, toka saa kumi na moja alfajiri. Barabara ya Kalokol ina giza bado na bodaboda ni chache. Wanapita wawili wawili, wengine na viatu vya mtumba vilivyoisha kisigino, mmoja na akala, kwani huku akala si kitu cha kuonewa huruma. Wengine huteremka kwenye laga ya Kawalase kukimbia mchangani. Mchanga hurudisha kiasi kidogo sana cha nguvu uliyoutia, hivyo unakulazimisha uinue goti na kuufanya wayo uguse kwa upole. Anayeupiga kwa kisigino huzama. Nimewahi kumtazama binti mmoja akifanya mizunguko mifupi ya kupanda ukingo wa laga. Kila mara aliposhuka alitembea, hakukimbia, na mwenzake alimtania kuwa ni mvivu. Mwenzake alikwisha baada ya mizunguko minane. Yeye aliendelea, wa kumi na mbili ukiwa sawa na wa kwanza, kisha akaokota kandambili zake na kwenda zake, kwa kuwa jua lilikuwa limeanza kuuma na shule ilikuwa inamngoja. Miiba ya mti wa mathenge ndiyo inayowasimamisha vijana hawa zaidi kuliko uchovu.

Kuna watu hupenda kuutaja mfupa wa Nariokotome kila riadha na Turkana zikitajwa pamoja. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu upande wa magharibi wa ziwa, na kikafuatiwa na karibu mifupa yote ya kijana wa kale aliyeishi miaka milioni moja na nusu hivi iliyopita, mrefu, mwenye miguu mirefu. Mwaka 2004 Dennis Bramble na Daniel Lieberman waliandika katika jarida la Nature kwamba miili ya jamii yake ilifaa kukimbia masafa marefu. Ni utafiti wa kupendeza, na unatuhusu wanadamu wote sawasawa, wa Lodwar na wa Oslo. Ukitumiwa kueleza kwa nini Ereng alishinda, unamnyang'anya kazi yake. Mfupa hauwezi kuamua kukaa upande wa ndani kwenye kona.

Turudi Kakuma, kwa sababu huko ufundi huu umechukua sura ambayo mashabiki wa medali huipita bila kuiona. Mwaka 2015 Wakfu wa Tegla Loroupe, bingwa mara mbili wa New York na Mwafrika wa kwanza mwanamke kushinda mbio hizo za marathoni, ulifanya mashindano ya mchujo kambini na kuwachukua vijana kwenda Ngong kufanya mazoezi. Watano, wote wa Sudan Kusini, wakafika Rio 2016 katika timu ya kwanza ya wakimbizi: Yiech Pur Biel, James Nyang Chiengjiek, Rose Nathike Lokonyen, Anjelina Nadai Lohalith na Paulo Amotun Lokoro. Rose alibeba bendera. Hakuna aliyevuka hatua ya mchujo, na magazeti yakaandika habari za matumaini kisha yakaenda zake.

Mimi nilibaki na karatasi ya matokeo. Paulo Lokoro alikimbia mita 1,500 za Rio kwa dakika 4:03.96. Miaka mitano baadaye, Tokyo, akakimbia 3:51.78. Gawanya kwa mizunguko mitatu na robo tatu: kutoka sekunde 65 kila mzunguko hadi chini ya 62. Kwa wanaokimbia 3:30 ni mwendo wa kupasha misuli moto, lakini sekunde tatu kila mzunguko, kwa mtu mzima aliyeanza kufundishwa akiwa amechelewa, hazipatikani kwa kujitia moyo. Zinatokana na kubadilisha jinsi unavyogusa ardhi, na kuijua kasi ya 62 kiasi kwamba mwili uisome bila saa. Rose naye alitoka 2:16.64 Rio hadi 2:11.87 Tokyo katika mita 800. Kisha Paris 2024 akaja Perina Lokure Nakang, aliyekulia Kakuma na kunolewa Iten chini ya Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mita 800 wa 2007. Kwa hiyo binti wa kambini alikuwa akijifunza mzunguko wa pili kwa mwanamke aliyewahi kuukimbia vizuri kuliko wote duniani.

Katika Paris hiyohiyo timu ya wakimbizi ilikuwa na Dominic Lokinyomo Lobalu, Msudani Kusini aliyewahi kuwa na kikosi cha Tegla kabla ya kuhamia Uswisi. Mwezi Juni alikuwa ametwaa ubingwa wa Ulaya wa mita 10,000. Katika fainali ya mita 5,000 alimaliza wa nne kwa 13:15.27, sekunde 0.14 nyuma ya Grant Fisher aliyepata shaba. Kwa kasi waliyomalizia, sekunde 0.14 ni kama mita moja. Baada ya mizunguko kumi na miwili na nusu ya kuamua ndani au nje, huru au kuzibwa, medali ya kwanza ya riadha kwa timu ya wakimbizi ilipotelea ndani ya mita moja, ambayo mtu huweza kuilipa kwenye kona moja tu aliyoizunguka kwa upana.

Basi mbio za nyika za kaunti zikianza, na baadaye matokeo ya Ulaya yakianza kuingia kwenye simu usiku, mimi husoma orodha kutoka chini kwenda juu. Juu kuna majina ambayo kila mtu atanisimulia kesho kibandani. Chini kuna mtu wa kumi na tisa aliyepunguza sekunde nne tangu mwaka jana, na ningependa kujua alizipunguza wapi: mwanzoni kwa kujizuia, katikati kwa kushika kundi, au mwishoni. Karatasi haisemi. Hivyo hutafuta video, nikimpuuza anayeongoza, na kumfuata huyo wa kumi na tisa kwa macho tangu bastola inapolia. Mara nyingi kamera humwacha kwenye mzunguko wa tatu, nami hulazimika kuhesabu sekunde kwa vidole hadi atokee tena kwenye mnyoosho.